Ahadi Ni Deni: Namna ya Kumtegemea Mungu Kodi Ikiwa Imefika

Mama mwenye nyumba alibisha saa moja asubuhi, na kwa namna alivyobisha nilijua hakuja kuomba chumvi. Ilikuwa Tabata, na huo ulikuwa mwezi wangu wa nne bila mshahara. Ofisi niliyokuwa karani, moja ya zile kampuni za kutoa mizigo bandarini, ilikuwa inatuambia "wiki ijayo" tangu masika yaanze. Nikamjibu yule mama kwa andiko: Mungu wangu atanijaza kila ninachokihitaji. Yeye mwenyewe ni mwimbaji wa kwaya. Akaniangalia vizuri, akasema, "Amina, mwanangu. Na mimi Mungu wangu ni huyohuyo. Miezi sita ni laki nne na themanini."

Mwongozo huu ni wa mtu aliye pale nilipokuwa mimi: imani anayo, andiko analo, na kodi imefika. Kila mtu kamwambia "mtegemee Mungu tu", wala hakuna aliyemweleza huko kumtegemea kunafanywaje siku ya Jumatatu, tumbo likiwa tupu na simu ikiwa na salio la kupiga mara moja. Nitaeleza nilivyojifunza, hatua kwa hatua. Utahitaji Biblia, kalamu, na daftari la kawaida, lile la kurasa 48 wanaloandikia watoto wa shule.

Hatua ya kwanza: andika hitaji kwa jina lake na kiasi chake

Hofu haina hesabu. Ukiulizwa saa nane usiku unadaiwa nini, utasema "kila kitu". Kaa chini uandike. Chora safu nne kwenye ukurasa: kitu, kiasi, siku ya mwisho, na ya nne iache wazi, tutairudia. Ukurasa wangu wa kwanza ulikuwa hivi: kodi, 480,000, tarehe 30. Deni kwa Mangi wa dukani, 37,500, hana tarehe ila ameanza kunitazama vibaya. Umeme, 10,000. Nauli ya kutafuta kazi, 2,000 kwa siku. Viatu vya mtoto wa dada, nilivyokuwa nimemwahidi.

Nilipomaliza kujumlisha nilishangaa. Kiasi kilikuwa kikubwa, lakini kilikuwa na mwisho.

Baada ya hapo geuza ukurasa, uandike ulicho nacho. Hili watu wengi hulikwepa. Katika 2 Wafalme 4 kuna mjane ambaye mumewe alikufa akaacha deni, na mdai amekuja kuwachukua wanawe wawili wawe watumwa. Analia kwa Elisha. Elisha anamuuliza maswali mawili yaliyofuatana: nikufanyie nini, na una kitu gani nyumbani? Mama anajibu kama tunavyojibu sote, kwamba hana kitu, halafu anakumbuka: ila chupa ya mafuta. Muujiza wote ukaanzia kwenye hiyo "ila".

Andika "ila" zako. Mimi nilikuwa na cherehani ya marehemu bibi ambayo sikujua kuitumia, simu nzuri kuliko hali yangu, ujuzi wa kujaza fomu za forodha, na majirani watatu ambao hatukuwa tumegombana. Usidharau hili la majirani. Mjane yule aliambiwa akaazime vyombo vitupu kwa jirani zake wote, tena visiwe vichache, na mafuta yalikoma pale vyombo vilipokwisha. Angekuwa ameshagombana na mtaa mzima, angejaza sufuria mbili akaishia hapo.

Hatua ya pili: soma ahadi yenyewe, sura nzima

Hapa tutakaa, maana hapa ndipo wengi tunapoumia.

Wahenga walisema ahadi ni deni. Vizuri. Lakini nenda dukani kwa Mangi ukadai kilo mbili za sukari ambazo hakukuahidi, uone kama atakuelewa hata ukipaza sauti. Unamdai mtu alichoahidi. Nimewaona Wakristo waliovunjika moyo kabisa, wanasema Mungu amewatupa, na ukichunguza unakuta walikuwa wanamdai kitu ambacho hakukisema kamwe. Kilisemwa na mtu mwenye kipaza sauti.

Chukua Yeremia 29:11, andiko ambalo Dar es Salaam utalikuta hata nyuma ya bajaji: "Maana nayajua mawazo ninayowawazia ninyi, asema BWANA, ni mawazo ya amani wala si ya mabaya." Tamu sana. Sasa rudi aya moja tu, ya 10. Maneno haya yamo kwenye barua iliyotumwa kwa watu waliohamishwa kwa nguvu kwenda Babeli, na barua inasema watarudishwa baada ya miaka 70. Maana yake, mtu mzima wa makamo aliyeisoma siku ile alijua atazikwa ugenini. Tena rudi sura moja nyuma. Utamkuta nabii mwingine, Hanania, amesimama hekaluni akitangaza kwamba mambo yote yatarudi ndani ya miaka miwili. Fikiri ungekuwa pale: mmoja anasema miaka miwili, mwingine 70. Wewe ungempigia nani makofi? Hanania alikufa mwaka uleule, na iliyotimia ni ya Yeremia.

Na bado barua ile ni habari njema. Iliwaambia wajenge nyumba wakae, wapande bustani wale matunda yake, waoe, wauombee amani mji ule. Mungu hakuwaahidi kutoka upesi. Aliwaahidi kwamba hawajasahauliwa na kwamba kuna mwisho.

Chukua tena lile andiko nililomjibia mwenye nyumba, Wafilipi 4:19. Paulo aliliandika akiwa kifungoni. Aliwaandikia watu waliokuwa wametoka kumtumia msaada kwa mkono wa Epafrodito, na aya chache kabla ya hapo anasema amejifunza kuwa radhi na hali yoyote, kushiba na kuona njaa. Kwa hiyo aliyeahidi kwamba Mungu atajaza kila mnachohitaji ni mtu anayejua njaa. Kwangu mimi hilo liliipa ile aya uzito kuliko nilivyokuwa naitumia mwanzo, kama kitambulisho cha kumwonyesha mdai.

Unapokuta ahadi, iulize maswali manne na uandike majibu kwenye daftari: Anaambiwa nani? Yuko kwenye hali gani? Kuna sharti lolote? Ameahidiwa kitu gani hasa? Ukifanya hivi utagundua ahadi zinaangukia kwenye mafungu. Zipo za mtu mmoja, kama mtoto wa Sara. Hiyo siyo ya kila mwanamke, ingawa inatuonyesha Mungu ni wa namna gani. Zipo za taifa la Israeli chini ya agano lake, kama baraka na laana za Kumbukumbu la Torati 28, ambazo wahubiri hupenda kusoma sehemu ya kwanza tu. Na zipo zilizotolewa kwa kila aliye wa Kristo, hizo ndizo za kushika kwa mikono miwili. "Sitakupungukia kabisa, wala sitakuacha kabisa," Waebrania 13:5. Na ile ya Mathayo 6, kwamba Baba anajua mnahitaji chakula, kinywaji na mavazi, na hayo yote mtazidishiwa mkiutafuta kwanza ufalme wake.

Angalia orodha ya Mathayo 6: kula, kunywa, kuvaa. Kiwanja cha Kigamboni hakimo. Sisemi usiombe kiwanja, omba, Mungu ni Baba na watoto huomba. Lakini ukikikosa, usiseme ahadi imevunjwa.

Luka anapoandika mafundisho hayohayo, sura ya 12, anamtaja ndege kwa jina: wafikirini kunguru. Mimi nilicheka niliposoma hilo, maana sijui kama kuna mji duniani unaoweza kuwafikiri kunguru kama Dar es Salaam. Hawa wetu wa shingo ya kijivu wana asili ya India, hawapandi, hawavuni, hawana ghala, na hakuna mtu aliyewahi kukuta kunguru amekufa kwa njaa pale soko la samaki la Feri. Ila nenda Feri alfajiri uone. Boti haijafunga kamba, kunguru wameshafika. Mungu anawalisha, lakini hawaletewi kiotani.

Hatua ya tatu: omba cha leo

Kwenye Sala ya Bwana waliotafsiri Biblia yetu walichagua neno zuri mno: "Utupe leo riziki yetu." Riziki. Neno hilo tunalitumia pamoja na jirani zetu Waislamu, na kila mtu mtaani analijua uzito wake: ni fungu la mtu kutoka kwa Mungu, haliibwi wala halikimbiliwi na mwingine. Na Yesu kaliwekea neno "leo" pembeni.

Kutoka 16 ndilo somo la "leo". Mana iliposhuka, kila mtu aliokota pishi moja kwa kichwa. Ambaye hajawahi kuona pishi, ni kipimo cha zamani cha pwani, vibaba vinne. Waliotaka kuweka akiba ya kesho waliamka wakakuta mabuu na harufu. Siku ya sita tu waliokota maradufu kwa ajili ya Sabato, na ile haikuoza. Nimelifikiria sana hilo la siku ya sita. Kuweka akiba kulikuwa na siku yake, Mungu mwenyewe aliipanga. Kilichooza ni kile kilichofichwa kwa hofu kwamba kesho Mungu hatakuwepo.

Basi namna ya kuomba ni hii. Asubuhi, kabla hujashika simu, fungua daftari. Soma mistari ya hitaji kwa sauti, kwa kiasi chake, bila kumhutubia Mungu. "Baba, leo nahitaji nauli elfu mbili na chakula cha jioni. Kodi imebaki siku 19, unajua." Soma ahadi moja tu uliyoichunguza. Nyamaza dakika mbili tatu. Basi. Kama nyumba yenu ni chumba kimoja cha watu sita, fanyia kwenye daladala. Kutoka Gongo la Mboto hadi mjini foleni inakupa muda wa kuombea mpaka wajukuu.

Kesho yake rudia. Itachosha. Mana pia iliwachosha.

Hatua ya nne: toka ukaokote

Mana haikushuka sufuriani mwao. Ilishuka nje ya kambi, ikabidi waamke, maana jua likipanda inayeyuka. Kusaga na kupika kulikuwa juu yao. Paulo naye aliwaandikia Wathesalonike, waliokuwa na watu walioacha kazi na kugeuka wazururaji, kwamba asiyetaka kufanya kazi na asile. Aliyetaka akakosa, huyo ni habari nyingine, na mjini hapa wako wengi.

Jambo moja la vitendo nitalieleza kwa kirefu, kwa sababu hakuna mahubiri niliyowahi kusikia juu yake: mfuate anayekudai kabla hajakufuata. Mimi nilikuwa najificha. Nikisikia ndara za mama mwenye nyumba koridoni nazima redio, kisha namwomba Mungu anifungulie milango. Siku moja nikajiona kichekesho: naomba mlango na mimi mwenyewe nimeufunga kwa komeo.

Nilikwenda jioni, siku 11 kabla ya tarehe. Maneno yalikuwa haya, yachukue ukitaka: "Shikamoo mama. Nimekuja kuhusu kodi kabla hujanitafuta. Miezi sita sina. Nina laki moja na sitini, ni ya miezi miwili, hii hapa. Naomba nilipe miwili miwili, na nikishindwa mwezi wa tatu nitakwambia mapema ili utafute mpangaji." Usiende mikono mitupu na andiko. Nenda na chochote, hata elfu hamsini, na tarehe unayoweza kuitimiza.

Ile laki na sitini niliipata wapi? Simu niliiuza Kariakoo. Fomu za forodha nilizijaza kwa wafanyabiashara wadogo waliokuwa wanahangaika na mzigo mmoja mmoja. Walinilipa 15,000 hadi 20,000 kwa fomu. Cherehani ya bibi nilimkodisha fundi wa mtaa wa pili. "Ila chupa ya mafuta."

Hatua ya tano: jihadhari na njia za mkato

Mtu akiwa anangoja, mji mzima unamletea njia za mkato. Ya kwanza ni mkopo wa kausha damu. Utaletewa fomu na dada mchangamfu, utapata fedha leo, na kila wiki utalipa rejesho. Ukikosa wiki moja wanakuja kikundi kizima kuchukua televisheni na makochi. Programu za mikopo za simuni ni hatari vilevile, zinapiga simu kwa watu wote uliowahifadhi kuwatangazia unadaiwa. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza hadharani orodha ya programu za mikopo mtandaoni zisizo na leseni, kwa hiyo angalia leseni kwanza. Na usilipe deni kwa deni. Yule mjane Elisha alimwambia auze mafuta, alipe deni, na kinachobaki aishi nacho na wanawe. Deni lilikuwa sehemu ya muujiza, likaondoka.

Ya pili huja na Biblia mkononi. "Panda mbegu." "Sadaka ya kujimaliza." Toa kodi yako yote madhabahuni leo na Mungu atakupa nyumba. Nitasema kwa uwazi: huo si utegemezi kwa Mungu, ni kamari, na mwenye meza ndiye anayekula. Soma tena 2 Wafalme 4 uone Elisha alidai asilimia ngapi ya mafuta. Hata tone. Ukitaka kujua Biblia inamwonaje mtumishi anayekimbilia malipo ya muujiza, sura inayofuata ina Gehazi, aliyemfuata Naamani mbio kwa ajili ya fedha na nguo, akarudi na ukoma. Februari 2020 huko Moshi watu 20 walikufa kwenye msongamano wa kukimbilia kukanyaga mafuta ya upako. Wengi wao naamini walikuwa watu kama mimi na wewe, wenye shida ya kweli.

Wahubiri hao watakuletea habari ya mjane wa Sarepta, 1 Wafalme 17. Alikuwa na konzi ya unga na mafuta kidogo, na Eliya akamwambia amtengenezee yeye kwanza. Ni kweli, imeandikwa. Lakini isome yote. Mungu alikuwa ameshamwagiza mama huyo. Eliya alikuwa na njaa yeye mwenyewe. Na alibaki pale, akala unga uleule wa pipa lilelile, siku nyingi, kwenye nyumba ya mjane. Hakuondoka na unga kwenda kuujengea ghorofa Mbezi.

Utoe, ndiyo. Mkono uliofungwa kwa hofu haupokei vizuri. Katika miezi ile nilitoa kidogo kidogo kila Jumapili, na wiki nyingine ilikuwa sarafu ya mia mbili, na sikuona aibu. Kipimo ni 2 Wakorintho 9:7, si kwa huzuni wala si kwa lazima. Ukitolewa jasho na mhubiri, hiyo tayari ni lazima.

Hatua ya sita: mwambie mtu

Sisi watu wa Dar tuna ugonjwa wa "niko poa". Mtu hajala tangu jana, ukimsalimia anajibu Mungu ni mwema, anapita. Halafu nyumbani anamlaumu Mungu kwamba hakutuma msaada, na aliowatuma walimsalimia getini.

Mungu alipomlisha Eliya kijito cha Kerithi alitumia kunguru, ndege ambaye kwa torati alikuwa najisi. Alipomhudumia Paulo alimtumia Epafrodito, tena alisafiri mpaka akaugua karibu kufa. Riziki karibu kila mara huja na miguu ya mtu. Kwa hiyo chagua watu wawili: mmoja wa jumuiya yako, anayetunza siri, na mmoja anayejua mambo ya kazi. Waambie kiasi. "Naomba mniombee" peke yake haitoshi, iambatane na namba: "Nimepungukiwa na elfu sabini ya kodi, na natafuta kazi yoyote ya ukarani." Kama uko kwenye kikoba, uliza habari za mfuko wa jamii, umechangia, na kazi yake ni hiyo.

Mimi nilimwambia mama mmoja muuza vitumbua tunayesali naye jumuiya moja. Nilimwambia kwa kuwa alikuwa karibu tu, sikumtegemea. Ndugu yake alikuwa anatafuta mtu wa kuandika hesabu za duka la vipuri Gerezani. Nilifanya kazi hapo miaka mitatu.

Hatua ya saba: ngoja bila kulala

Ibrahimu alikuwa na miaka 75 alipotoka Harani, na miaka 100 Isaka alipozaliwa. Yusufu aliota akiwa na miaka 17 na akasimama mbele ya Farao akiwa na 30. Katikati kuna shimo, utumwa na gereza. Hizi namba ziandike ndani ya jalada la daftari. Hazitakupunguzia kungoja, ila zitakuondolea ile fikra kwamba ukichelewa kujibiwa una dhambi uliyoisahau.

Kuna jambo la Kerithi watu hulipita haraka. Eliya alikwenda pale kwa kutii, akalishwa pale kwa muujiza, na kisha kijito kikakauka. Hakuwa amekosea. Mvua haikunyesha nchini, basi, na maji yakaisha kwake kama kwa wengine. Neno la kwenda Sarepta lilikuja baada ya kijito kukauka. Ofisi yangu ilipofunga milango mwezi wa sita nilikuwa nimeshafunga na kuomba siku tatu ili isifungwe. Ilifungwa. Kama isingefungwa, ningekuwa bado naenda kila asubuhi kukaa kwenye kiti cha mshahara wa "wiki ijayo", kwa uaminifu mkubwa.

Wakati wa kungoja lala usingizi, kula kwa wakati hata kama ni uji, na endelea na ibada ya kawaida. Usingizi ukikukimbia wiki mbili mfululizo, au ukianza kuona kufa ni nafuu, nenda hospitali ukamwone daktari, na umwambie mchungaji wako pia. Eliya huyohuyo aliomba kufa chini ya mretemu, na malaika alimletea kwanza mkate na maji, akamwacha alale tena.

Hatua ya nane: jaza safu ya nne

Sasa ile safu uliyoiacha wazi. Juu yake andika "lini, na kwa njia gani". Kila hitaji linapotimia, jaza: tarehe, kiasi, mkono uliotumika. Samweli alisimamisha jiwe akaliita Ebenezeri, hata sasa BWANA ametusaidia. Waisraeli waliambiwa waweke pishi ya mana kwenye chombo wajukuu waione. George Müller, aliyelea yatima kwa maelfu kule Bristol katika karne ya 19, alikuwa mtu wa maombi, na alikuwa mtunza hesabu wa ajabu pia. Kila kilichoingia kiliandikwa. Akili ya mtu aliye na shida husahau haraka mno. Januari, ada na sare zikikubana, hutakumbuka ulivyovuka Juni, lakini daftari litakumbuka.

Andika ukweli. Kama Mangi alikusamehe 7,500 kwa sababu ulilipa 30,000 kwa mkupuo, andika hivyohivyo, usiigeuze kuwa ushuhuda wa malaika. Na penye wazi paache wazi.

Maana patabaki wazi. Daftari langu la kwanza lina mistari 41. Mistari 33 imejazwa. Ile mishahara minne haijalipwa hadi leo. Nyumba ya Tabata nilihama hatimaye, mwezi wa nane, nikaenda kuishi Chanika kwa dada, kwenye chumba cha watoto, na nilibeba godoro kwenye Toyo jirani wote wakiangalia. Kuna mstari umeandikwa "mama apone", na mama tulimzika Septemba. Nimewahi kumfungulia Mungu daftari kwenye ukurasa ule nikamwambia soma mwenyewe.

Vijana watatu wa Danieli 3 walimwambia mfalme kwamba Mungu wao aweza kuwaokoa na tanuru, kisha wakaongeza: "Bali kama si hivyo." Waebrania 11 inawataja watu wa imani mmoja mmoja kwa majina, na karibu na mwisho inasema hawa wote hawakuipokea ile ahadi katika maisha yao. Habakuki aliimba kumfurahia Mungu hata mtini usipotoa maua na zizi likiwa tupu. Maandiko haya hayakunijibu habari za mama. Yaliniruhusu kuendelea kuomba nikiwa na mstari ulio wazi.

Leo usiku, kabla mita ya LUKU haijaanza kulia, chora zile safu nne. Anza na kitu kidogo chenye tarehe ya karibu, ili ujifunze kwa kidogo. Daftari langu la sasa ni la sita. Mstari wa mwisho nimeuandika asubuhi hii: mtungi mdogo wa gesi, 25,000, Jumamosi. Safu ya nne bado haina kitu, na leo ni Alhamisi.